Madini katika Chakula cha Kambare: Pima Kabla ya Kuchanganya

Haya ni mazungumzo ya afisa wa ufugaji samaki wa kaunti kwa vikundi vya wafugaji wa kambare katika mafunzo ya nyanjani. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Wengi wenu mlianza kufuga samaki wakati wa mpango wa serikali wa kufufua uchumi wa mwaka 2009, ambapo vidimbwi 200 vilipangwa kuchimbwa katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140. Siku hizo kila mtu alizungumzia tilapia. Leo wengi mmehamia kambare, au mumi kama wengi wetu tunavyomwita huku. Sababu zenu nazijua. Kambare hukua haraka, hustahimili maji yenye hewa kidogo kwa kuwa anaweza kupanda juu na kupumua hewa kama sisi, na vifaranga wake hununuliwa na wavuvi wa ziwani kama chambo cha mbuta.

Lakini omena imekuwa ghali, na wafugaji wengi wameanza kujitengenezea chakula nyumbani kwa pumba na mashudu. Hilo ni jambo jema, na kaunti inaliunga mkono. Shida inaanza pale samaki wanapokawia kukua. Mfugaji anamuuliza jirani, jirani anamwambia, "Ongeza madini." Anaenda agroveti, anarudi na chokaa au madini ya ng'ombe, anamwaga kwa koleo na kuchanganya. Mwezi unaofuata samaki ni wale wale, na pengine hali imezidi kuwa mbaya.

Leo nataka tuelewane jambo moja. Madini katika chakula cha kambare hutegemeana. Ukiongeza moja bila kipimo, unaweza kulizuia lingine lisimfikie samaki. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza chochote, jua ni madini gani yamepungua, na kwa kiasi gani.

Hesabu ya mfukoni

Kwa mfugaji wa kambare, chakula hula zaidi ya nusu ya gharama yote. Tuseme una kambare 1,000 na unataka kuwauza kila mmoja akiwa na gramu 500. Hizo ni kilo 500 za samaki. Chakula kikiwa kizuri, kilo moja na nusu ya chakula inaweza kutoa kilo moja ya samaki, kwa hiyo utatumia kilo 750. Chakula kikiwa na kasoro, ukahitaji kilo mbili ili upate kilo moja, utatumia kilo 1,000. Tofauti ni kilo 250, yaani mifuko mitano ya kilo 50. Zidisha mitano hiyo kwa bei unayonunulia wewe, kisha jiulize kama ni karo ya shule au ni hasara tu.

Kalsiamu hutoka majini, fosforasi huliwa

Kambare ana mifupa kama sisi, na mifupa hujengwa hasa kwa kalsiamu na fosforasi. Ng'ombe na kuku hupata karibu yote kwa kula. Samaki yuko tofauti. Huvuta kalsiamu kutoka kwenye maji moja kwa moja, kupitia mashavu yake anayopumulia. Maji yakiwa na kalsiamu ya kutosha, sehemu kubwa ya mahitaji yake hutimia bila wewe kuweka hata kijiko kimoja kwenye chakula.

Kwa fosforasi, mambo ni kinyume. Maji ya mto, ya chemchemi na ya kisima huwa na fosforasi kidogo mno, na samaki hawezi kuitegemea hiyo. Lazima aile. Ikipungua katika chakula, kambare hula lakini hakui vizuri, mifupa yake huwa laini, na ukimpasua unakuta mafuta mengi tumboni kwa sababu chakula kimegeuka mafuta badala ya nyama na mifupa.

Hapo ndipo chokaa inapowapotosha watu. Chokaa ina kalsiamu tele lakini haina fosforasi. Unga wa maganda ya mayai pia ni kalsiamu. Chakula cha kuku wa mayai nacho hutiwa kalsiamu nyingi, karibu asilimia 3.5 hadi 4, kwa sababu kuku huyo hutengeneza ganda jipya karibu kila siku. Kambare hatagi mayai yenye ganda. Ukimlisha chakula cha kuku wa mayai, unampa kitu ambacho tayari anakipata majini.

Najua mtu atauliza, "Mbona nyinyi maafisa hutuambia tutie chokaa kidimbwini?" Hilo ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba hizo ni kazi mbili tofauti. Sehemu nyingi za huku kwetu zina udongo wenye asidi. Chokaa ya shamba ikinyunyizwa kwenye sakafu ya kidimbwi kabla ya kujaza maji, hupunguza asidi hiyo na kuyapa maji kalsiamu ambayo samaki ataivuta kwa mashavu. Pima udongo kwanza, kisha tia kiasi utakachoelezwa. Chokaa ya kidimbwi ibaki kidimbwini, isiingie kwenye ndoo ya chakula.

Fosforasi iliyofungiwa ghalani

Mtu mwingine atasema, "Lakini pumba za ngano zina fosforasi nyingi, nimesoma kwenye karatasi ya maabara." Ni kweli. Lakini mmea huhifadhi fosforasi ya mbegu zake katika umbo linaloitwa fitati. Karibu theluthi mbili ya fosforasi iliyo kwenye pumba, mashudu na soya imo katika umbo hilo, na tumbo la kambare halina kimeng'enya cha kutosha kuifungua. Ni kama kuwa na mahindi kwenye ghala ambalo ufunguo wake umepotea. Mahindi yapo, lakini watoto watalala njaa.

Kwa hiyo, unapohesabu fosforasi, usihesabu yote iliyoandikwa. Kwa vyakula vya mimea, hesabu theluthi moja. Kwa omena na unga wa samaki, ambako fosforasi imo kwenye mifupa, hesabu takriban nusu. Kambare ana tumbo lenye asidi, kwa hiyo humeng'enya mifupa vizuri kuliko samaki wasio na tumbo la namna hiyo.

Kuna njia za kufungua ghala hilo kidogo. Kuloweka pumba na kuzichachusha kwa siku moja au mbili hupunguza fitati, mradi uzianike vizuri baadaye zisiote ukungu. Viwanda hutumia kimeng'enya kiitwacho fitasi. Joto kali la mashine huiharibu fitasi, ndiyo maana viwanda vingine huinyunyiza baada ya vidonge kupoa.

Jinsi chokaa inavyoifunga zinki

Zinki ni madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana, lakini ikikosekana kambare hupoteza hamu ya kula na ukuaji hudorora. Watafiti wa Marekani walichunguza jambo hili katika miaka ya 1980 kwa kambare wanaofugwa kule, ambao ni ndugu wa mbali wa kambare wetu. Waliona kwamba kwa chakula safi cha maabara, kisicho na fitati, miligramu 20 za zinki katika kila kilo ya chakula zilitosha. Kwa chakula cha kawaida chenye soya na nafaka, ilibidi kuongeza miligramu 150. Samaki walikuwa wa aina ile ile. Kilichobadilika ni chakula, kwa kuwa fitati huikamata zinki na kupita nayo hadi kwenye choo.

Sasa ukiongeza kalsiamu nyingi kwenye chakula chenye fitati, hali huwa mbaya zaidi. Kalsiamu, fitati na zinki hushikana pamoja na kuwa kitu kisichoyeyuka tumboni. Ndiyo maana mfugaji aliyeona samaki wake wamedumaa kwa kukosa fosforasi, akamwaga chokaa, anaweza kuishia na upungufu wa madini mawili: fosforasi ambayo hakuiongeza, na zinki ambayo ameifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Madini ya kupimwa kwa gramu

Viwango vinavyotumiwa sana kama mwongozo vinatokana na utafiti huo wa Marekani. Nimevigeuza viwe vya mchanganyiko wa kilo 100 za chakula, ili muone jinsi vilivyo vidogo:

Chuma: gramu 3.
Zinki: gramu 2 kwa chakula kisicho na fitati, na takriban gramu 15 kwa chakula chetu cha pumba na mashudu.
Shaba: nusu gramu.
Manganizi: robo gramu.
Ayodini: sehemu moja ya kumi ya gramu.
Seleniamu: sehemu moja ya arubaini ya gramu.

Hakuna mizani ya jikoni inayoweza kupima sehemu moja ya arubaini ya gramu. Tena seleniamu ina hatari yake. Kambare wa Marekani waliopewa gramu moja na nusu katika kilo 100 za chakula walidumaa kwa sumu. Chuma nayo ikizidi huharakisha mafuta ya chakula kuchacha na huharibu vitamini C.

Kwa sababu hiyo, msijaribu kununua madini haya moja moja na kuyapima nyumbani. Nunueni mchanganyiko wa madini na vitamini uliotengenezewa samaki, ule ambao wauzaji huuita premiksi. Someni lebo: umetengenezewa mnyama gani, unawekwa gramu ngapi kwa kilo 100, na utaharibika lini. Madini ya ng'ombe yamepangwa kwa tumbo la ng'ombe na nyasi anazokula. Usimpe kambare kwa kuwa tu gunia lilibaki zizini.

Hesabu ya fosforasi kwa mfano

Chukueni kalamu. Lengo letu ni kwamba kilo 100 za chakula ziwe na fosforasi ambayo samaki anaweza kuitumia isiyopungua gramu 450. Utafiti mpya umeonyesha kwamba hata gramu 330 zinaweza kutosha, lakini kwa chakula cha nyumbani ambacho hakipimwi maabara kila mara, tuweke lengo la juu.

Mchanganyiko wa kwanza una kilo 30 za omena na kilo 69 za vyakula vya mimea, na kilo inayobaki ni nafasi ya premiksi na kijazio chake. Tukikadiria omena ina fosforasi asilimia 2, kilo 30 zina gramu 600. Nusu yake ni gramu 300. Vyakula vya mimea tukivikadiria kwa asilimia 0.8, kilo 69 zina takriban gramu 550. Theluthi yake ni kama gramu 180. Jumla ni gramu 480. Hapa huhitaji kuongeza fosforasi yoyote. Ukiongeza, unatupa pesa.

Mchanganyiko wa pili ni wa mfugaji aliyepunguza omena hadi kilo 10 na kuongeza mimea hadi kilo 88. Omena inampa gramu 100. Mimea inampa kama gramu 235. Jumla ni gramu 335. Amepungukiwa na gramu 115 hivi kufikia lengo letu.

Pengo hilo hulizibi kwa chokaa. Unalizibi kwa fosfeti ya kalsiamu ya kulishia mifugo, ile ambayo kwenye agroveti mnaiita DCP. Ina fosforasi takriban asilimia 18, na samaki huweza kutumia kama sehemu saba kwa kumi. Kilo moja itakupa takriban gramu 125. Kwa hiyo kilo moja ya DCP katika kilo 100 za chakula inatosha. Unga wa mifupa uliochemshwa vizuri na kusagwa unaweza pia kutumika, lakini una fosforasi kidogo kuliko DCP na kalsiamu nyingi kuliko hiyo, kwa hiyo utumie kwa uangalifu.

Kumbukeni kwamba ukipunguza omena, protini pia hupungua. Hesabu ya protini ni somo la siku nyingine, lakini madini hayawezi kuziba pengo la protini.

Mchanga si madini

Omena nyingi huanikwa chini, na baadhi huja na mchanga. Ukipeleka omena hiyo maabara, karatasi itaonyesha majivu mengi, na mtu anaweza kudhani ni madini mengi. Mchanga hauna faida kwa samaki. Chukua kiganja cha omena, kisage kidogo, ukitie kwenye glasi ya maji na ukoroge. Subiri dakika chache. Mchanga utatulia chini. Ukiuona ni mwingi, umenunua mchanga kwa bei ya samaki.

Namna ya kuchanganya

Premiksi ya gramu mia chache ikitupwa juu ya kilo 100 za unga na kukorogwa kwa koleo, samaki mmoja atapata nyingi na mwingine atakosa. Fanyeni hivi. Changanya premiksi na kilo moja ya unga laini hadi rangi iwe moja. Ongeza kilo tano, changanya tena. Ongeza kilo ishirini, changanya tena. Ndipo umwage kwenye rundo kubwa. DCP nayo ipitie hatua hizo hizo.

Kisha tengeneza vidonge. Chakula cha unga kikimwagwa majini, madini na vitamini huyeyuka na kupotea kabla samaki hajafika. Mashine ya kusagia nyama na uji mzito wa muhogo kama gundi vinatosha kwa mfugaji mdogo. Anika kivulini, hifadhi pakavu juu ya mbao, na usitengeneze chakula cha miezi sita kwa siku moja.

Kabla ya kulaumu madini

Wenzangu, dalili za upungufu wa madini zinafanana na dalili za mambo mengine mengi. Samaki akikawia kukua, chunguza kwanza haya. Je, vifaranga walikuwa wazuri? Je, wamejaa kupita kiasi? Je, uliwatenganisha kwa ukubwa? Kambare wakubwa huwala wadogo, na walionusurika huishi kwa hofu na kula kidogo. Je, maji yana harufu mbaya? Je, unapima samaki kila baada ya wiki mbili, au unakadiria kwa macho?

Ukiona kambare mwenye fuvu lililopasuka au kichwa kilichobonyea, usikimbilie kalsiamu. Mara nyingi hali hiyo huhusishwa na upungufu wa vitamini C, ambayo huharibika upesi chakula kikikaa muda mrefu au kikipata joto. Tazama tarehe ya premiksi yako na mahali unapoiweka.

Mashavu yaliyopauka yanaweza kuashiria ukosefu wa chuma, lakini yanaweza pia kuashiria vimelea au ugonjwa. Mwite afisa aone samaki akiwa hai.

Maji yakitoka shambani kwako

Jambo la mwisho linatuhusu sote, hata wasiofuga. Fosforasi ambayo kambare hakuitumia haipotei. Hutoka na choo chake na kukaa kwenye tope na maji. Kidimbwini hulisha mwani, maji yakawa kijani kibichi, na usiku mwani huo hula hewa iliyomo majini. Kambare mkubwa atapanda juu apumue. Vifaranga wadogo hawawezi, na asubuhi utawakuta wanaelea.

Ukimwaga maji hayo mtoni, safari yake inaendelea. Nzoia na Yala zote huishia Ziwa Victoria. Gugu maji limesumbua upande wetu wa ziwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, likiziba fuo na kuwazuia wavuvi kutia mashua majini. Gugu hilo hunenepeshwa na mbolea inayoletwa na mito, na fosforasi ni sehemu ya mbolea hiyo. Shamba moja haliwezi kulaumiwa kwa gugu lote, lakini mashamba mia moja yanayotupa fosforasi yanaongeza mzigo.

Dawa yake haina gharama. Maji ya kidimbwi yaelekeze kwenye sukuma wiki, migomba na nyasi za ng'ombe. Tope la sakafuni lipeleke shambani unapokausha kidimbwi. Kile ambacho ni uchafu mtoni ni mbolea kwenye bustani yako.

Mnachoweza kufanya wiki hii

Katiba ya 2010, katika Ratiba ya Nne, imezipa kaunti kazi ya kilimo pamoja na uvuvi. Kwa hiyo afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yenu ni mtumishi wenu, na mna haki ya kumwita.

Nawaomba mambo matatu. Kwanza, mkirudi nyumbani, andikeni kwenye daftari kila kitu mnachoweka kwenye chakula na uzito wake kwa kilo, bila kuacha chokaa. Pili, kama mmekuwa mkitia chokaa au maganda ya mayai kwenye chakula, acheni, na mpige hesabu ya fosforasi kama tulivyofanya hapa. Tatu, pimeni samaki ishirini leo na muwapime wengine ishirini baada ya wiki mbili, muandike wastani. Leteni daftari hilo ofisini tulisome pamoja. Mtu akija na nambari zake, tunaweza kumwambia kama anahitaji kilo moja ya DCP, premiksi mpya, au vifaranga bora tu.

Sasa twende kidimbwini, kuna mizani na ndoo, tukapime pamoja.